Sakafu ya bafu haipati moto? Shika mita kabla ya nyundo

Mama yangu yuko Tanga na hadi leo nikimwambia kwamba huku Leeds, Uingereza, kuna watu wananilipa niwapashie moto sakafu ya bafu, anacheka mpaka anakohoa. Kwake yeye sakafu ya bafu inatakiwa iwe ya baridi, ndo raha yenyewe, umetoka juani unakanyaga saruji unasema alhamdulillah. Basi siku akija nitampeleka akanyage marumaru za hapa saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa kwanza bila ndala, halafu tuongee tena.

Simu ninazopigiwa siku hizi nyingi sio za kufunga mpya, ni za "haifanyi kazi", na mwenye nyumba ukimkuta ameshakata tamaa, anataka marumaru zote zibanduliwe. Subiri kwanza. Mara nyingi nikifika nakuta shida iko kwenye themostati, kile kiboksi cha ukutani kinachowasha na kuzima moto, au sensa, au walivyoseti tu, mkeka wenyewe kule chini hauna neno. Na hata ukiwa na neno, mita ya umeme ya mkononi ya bei ndogo itakuambia hivyo kabla hujavunja hata marumaru moja.

Kwa ambaye hajawahi kuuona, mkeka wa kupasha moto ni wavu mwembamba umeshonewa waya unaoenda huku na kurudi huku kama nyoka, unatandikwa sakafuni, unafunikwa na gundi ya marumaru au ile floo nyepesi inayojisawazisha yenyewe, kisha marumaru zinakuja juu. Mikeka mingi ya bafu ni ya wati 150 kwa mita ya mraba, ipo na ya 200 kwa sakafu zinazopoteza moto sana. Ndani ya kebo kuna nyaya mbili zinazokutana kule mwisho, yaani umeme unaenda na kurudi ndani ya kebo hiyohiyo, na nje imezungushiwa kinga ya chuma ambayo ndo arthi. Kutoka kwenye mkeka kuna kipande cha waya baridi kinachopanda ukutani hadi kwenye themostati, na pale waya baridi unapokutana na waya moto pana kiungo cha kiwandani, kinene kidogo, kikumbuke hicho tutarudi kwake. Halafu kuna sensa, kawaya kembamba kenye kichwa, kanalala katikati ya mistari miwili ya waya kanaiambia themostati sakafu ina nyuzi ngapi.

Jambo la usalama nalisema mara moja tu. Zima umeme kwenye boksi la breka, hakikisha na testa kwamba umezima kweli, ndo ufungue kitu. Kama wewe si fundi umeme, ya kuangalia kwa macho na ya kuseti fanya mwenyewe, ya kufungua nyaya mwachie mwenye leseni yake. England kazi ya umeme bafuni iko chini ya Part P ya kanuni za ujenzi, na BS 7671, yaani kanuni za nyaya za umeme, inataka saketi ya sakafu ya moto iwe na RCD ya miliampea 30, ile swichi inayokata umeme yenyewe ukivuja. Hapo ni maji, umeme na miguu mitupu, hakuna cha kujaribu bahati.

Kwanza namba

Kila mkeka una namba yake ya omu, yaani ukinzani wa waya wake, na unaweza kuikokotoa kwa simu. Chukua 230, ndo volti za umeme wa nyumbani, zidisha kwa 230, unapata 52,900, gawa kwa wati za mkeka. Mkeka wa wati 150 utasoma kama omu 353, wa wati 300 kama 176, wa wati 450 kama 118. Viwanda vingi vinaruhusu ipungue asilimia 5 au izidi asilimia 10, kwa hiyo ule wa 450 ukisoma popote kati ya 112 na 129 uko salama.

Hiyo namba inatakiwa ipimwe mara tatu: mkeka ukiwa bado kwenye boksi, ukishatandikwa, na marumaru zikishakaa kabla ya kuunga themostati. Kila mara unaandika kwenye kadi ya garantii. Sasa kadi zenyewe nazikuta droo ya jikoni nyeupe kama zilivyotoka kiwandani, hakuna hata kalamu iliyogusa, halafu mtu anataka kudai garantii. Ukimwona fundi wako anatandika marumaru na hajatoa mita mfukoni, muulize palepale, usione haya.

"Skrini imezima kabisa"

Anza na vya kijinga. Swichi ya ukutani yenye fyuzi, imewashwa? Fyuzi nzima? RCD haijaanguka? Mimi nimeshaendesha gari dakika 40 kwenda kubonyeza swichi moja ambayo mtoto alikuwa ameizima, na nikalipwa, na nikaona aibu kupokea.

Kama umeme unafika na skrini bado nyeusi, fungua uangalie matundu ya nyuma. Kuna mawili ya umeme unaoingia, mawili ya mkeka, na mawili madogo ya sensa. Fundi akiwa na haraka anapeleka umeme unaoingia kwenye matundu ya mkeka, na themostati inakaa kimya kama haipo. Sasa kuna kosa la kinyume chake ambalo ni baya zaidi kwa sababu mwanzoni halionekani kosa: mkeka wenyewe umeungwa pamoja na umeme unaoingia, kwa hiyo themostati inawaka vizuri, inaonyesha namba, unaibonyeza inaitika, lakini haina amri juu ya chochote. Mteja anakwambia "inapata moto vizuri sana ila haizimiki". Ukisikia hilo neno haizimiki, mwambie azime breka na mwende kwenye hayo matundu moja kwa moja.

Na rangi. Sisi tuliokulia kwenye nyekundu na nyeusi tuwe makini, Uingereza tangu 2006 kazi mpya lazima iwe kahawia na bluu, lakini nyumba za zamani bado zina nyekundu na nyeusi ukutani na unaweza kuzikuta zote zimekutana kwenye boksi moja. Nyeusi ya zamani ni nyutro, nyeusi ya mfumo mpya inaweza kuwa laini yenye umeme. Amini testa, rangi ni hadithi tu.

"Inaandika inapasha lakini sakafu ya baridi"

Hii ndo inayovunjia watu marumaru bure. Dada mmoja wa Mombasa anayekaa Leicester alinipigia, "Kakangu, fundi amesema mkeka umekufa, yataka tubomoe chini kote." Nikamuuliza huyo fundi amepima nini, akasema hakupima, aliinama akagusa sakafu kwa kiganja. Nimefika, nimezima umeme, nikatoa nyaya mbili za mkeka kwenye themostati, mita inasoma omu 118. Mkeka wa wati 450. Mzima kabisa. Nikarudisha, nikawasha, nikapima volti zinazotoka kwenda kwenye mkeka huku skrini ikionyesha kale kamoto, nikapata sifuri. Maana yake swichi ya ndani ya themostati, ile rilei inayolia "tik", imeshaungua, skrini inajisemea tu. Themostati mpya, dakika 20, sakafu ikawa vuguvugu kabla chai haijaisha.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Omu ziko sawa na volti 230 hazitoki: themostati. Omu ziko sawa na volti zinatoka: mkeka unapasha, kama husikii moto soma hapa chini habari ya sakafu inayochelewa. Omu haziji kabisa, mita inaandika OL au 1 upande wa kushoto: hapo ndo waya umekatika.

Nyumbani siku hizi ukisema mkeka umechanika kila mtu anajua umebeti timu kumi na moja ikakuangusha dakika ya 90. Huu nao ni hivyohivyo. Nyaya ndani ya kebo moja zimepangana kwa foleni, pakikatika sehemu moja tu, hata upana wa kisu, mkeka mzima unakufa.

Na hapa nikiri. Mwaka wangu wa kwanza mkeka niliuchana mwenyewe. Nilikuwa nasambaza gundi kwa mwiko wa meno wa chuma, nimechoka, waya mmoja ulikuwa umenyanyuka kidogo kwenye wavu, nikasikia kitu kinakwama na nikaendelea. Sikupima mpaka marumaru zote zimeshakaa. Tokea siku ile siendi bila kidude kinachoungwa kwenye ncha za mkeka wakati wa kazi, waya ukikatika tu kinapiga kelele kama kuku, na kusambaza gundi juu ya waya nafanya kwa mwiko wa plastiki. Kingine, mkeka ukishakaa usiweke ndoo juu yake, usipige magoti juu yake na msumari mfukoni, usiache mtu wa bomba apite na viatu vyake.

Pale ulipokatika panapatikana bila kubomoa kote. Kuna mafundi wana kifaa kinachotuma mapigo kwenye waya na kupima yanarudi baada ya muda gani, kinakupa umbali mpaka kwenye jeraha. Kamera ya joto nayo inasaidia ila kumbuka inaona moto, kwa hiyo waya uliokatika moja kwa moja na haupitishi umeme kamera peke yake haitaona kitu. Pakishajulikana unabandua marumaru moja au mbili, unaunga kwa seti ya kutengenezea ya kampuni hiyohiyo, vile vijibomba vya kubana na mpira unaosinyaa kwa moto, unapima omu upya, unapima insuleshoni ya waya upya, unarudisha marumaru. Ndo maana kila kazi naacha marumaru tano za akiba uvunguni kwa mteja, maana baada ya miaka mitatu ile rangi dukani hamna.

"RCD inaanguka kila nikiwasha"

Toa nyaya za mkeka kwenye themostati zote, na arthi yake pia, zikae peke yake hewani zimefunikwa. Rudisha umeme. RCD ikisimama, tatizo liko kwenye mkeka au waya wake baridi. Ikianguka tena, tatizo liko kabla ya hapo, ukutani au kwenye themostati, mkeka uachwe.

Kama ni mkeka, mita ya kawaida haitoshi, inatakiwa mega, mita inayopima insuleshoni ya waya kwa volti kubwa. Unafunga pamoja kahawia na bluu, unapima kati yao na arthi kwa volti 500. Kiwango cha chini cha BS 7671 ni megaomu 1, lakini mkeka mzima unatakiwa usome mamia, kwa hiyo ukiona megaomu 2 usishangilie, ni mgonjwa anayetembea. Na tafadhali sana usipige mega huku themostati bado imeungwa, volti 500 zinaiua na utakuwa umeongeza kazi.

Halafu uliza swali ambalo mita haiulizi: nini kimefungwa bafuni tangu siku ile ilikuwa inafanya kazi? Mlangoni kumewekwa ile pati ya chuma ya kufunika kiungo cha sakafu? Choo cha kukaa kimebadilishwa? Kioo cha shawa? Kizuizi cha mlango? Nilienda nyumba moja RCD inaanguka ni wiki moja tu, mwenye nyumba anaapa hakuna aliyegusa kitu, nimekaa chini naangalia mlangoni naona pati mpya ya dhahabu inang'aa na skrubu nne. Nikamwonyesha. Akasema "aa hiyo, hiyo ni mlango, si bafu". Skrubu ya tatu ilikuwa imeingia katikati ya kebo kama mshikaki.

Ndo maana mkeka haupelekwi mpaka kizingitini, na hautandikwi chini ya choo wala sinki la mguu wala kabati. Kwanza huko kuna skrubu, pili moto unanaswa hauna pa kutokea. Piga picha mkeka ukiwa wazi, na futi ya kupimia imelazwa ndani ya picha, pembe zote, kabla gundi haijamwagwa. Siku mtu anataka kutoboa utamtumia picha badala ya dua.

RCD nyingine haianguki muda wote, inaanguka watu wakishaoga. Hiyo ina maana kwenye waya kuna mchubuko mdogo na maji yanapita kwenye grauti, ile saruji ya kujazia kati ya marumaru, kuufikia, kukikauka inatulia. Usifurahie kutulia kwake. Na ile inayoanguka kwenye kazi mpya ya juzi, muulize mwenye kazi alisubiri siku ngapi, maana gundi ikiwa bado mbichi na kuna mahali waya umechunika unyevu utafichua, na hata kama waya mzima bado kuwasha mapema kuna madhara yake nitayasema.

Sasa kile kiungo cha kiwandani. Kinatakiwa kilale sakafuni, ndani ya gundi, chini ya marumaru nzima, kimenyooka. Kwa vile ni kinene watu wanakiona kinanyanyua marumaru, wanaamua kukipandisha ukutani, na ukuta wa hapa nyuma ya jipsamu ni hewa tupu. Upande mmoja wa kiungo ni waya moto, ukikaa kwenye hewa moto hauna pa kwenda, unajichoma wenyewe polepole, unakufa mwaka wa pili baada ya fundi kubadilisha namba ya simu. Dawa ni kuchimba mfereji mdogo sakafuni kikae humo, dakika tano za patasi.

"Nusu inapata moto nusu haipati"

Kwanza elewa, kama una mkeka mmoja, hauwezi kufa nusu. Nimeshasema umeme unaenda na kurudi kwenye kebo moja, ukifa unakufa wote. Kwa hiyo nusu na nusu ina majibu machache tu. Ama kuna mikeka miwili na mmoja haujaungwa au umekufa. Ama upande wa baridi haukutandikwa kabisa, fundi aliruka. Ama upande ule hauna insuleshoni ya kuzuia moto usishuke chini, au uko kwenye ukuta wa nje.

Mikeka miwili inaungwa sambamba kwenye themostati moja, na hapo namba zinabadilika usichanganyikiwe. Tuseme una wa wati 300 na wa wati 150, kila mmoja peke yake ni omu 176 na omu 353, ukiwaunga sambamba mita itasoma 118, sawa na mkeka mmoja wa wati 450. Ukipima pamoja ukapata 176, ujue yule mdogo hayupo kazini. Ukipata 353, mkubwa ndo hayupo. Bila kunyanyua chochote umeshajua nani amelala.

Mistari mistari ya moto na baridi dakika za kwanza ni kawaida, inajichanganya yenyewe. Isipojichanganya, mistari imekaa mbalimbali kuliko mkeka ulivyotengenezwa, mtu aliung'oa waya kwenye wavu akautawanya ili umtoshe eneo kubwa.

Na kwa wale wa kukata. Wavu unakatwa ili ugeuze mkeka kwenye kona, waya haukatwi, haukatwi kabisa. Ukiukata, ile ncha nyaya zinapokutana unaondoka nayo na kilichobaki ni waya mfu. Nimekuta jamaa aliona hilo, akajifanya mjanja, akaunga ncha mwenyewe. Hesabu yake iko hivi: mkeka wa wati 450 wa mita tatu za mraba, ukibaki nusu ya waya inabaki nusu ya omu, umeme unapita mara mbili, wati zinakuwa 900 kwenye mita moja na nusu. Hizo ni wati 600 kwa mita ya mraba mahali palipotengenezewa 150. Grauti ilikuwa ya kahawia.

"Inapata moto lakini masaa matatu"

Hii simu ndo nyingi kuliko zote na ndo isiyo na dawa nzuri baadae, kwa hiyo kama bado hujatandika soma vizuri hapa.

Moto hauchagui kwenda juu. Ukitandika mkeka moja kwa moja juu ya zege, zege linakunywa. Unalipa bili kupasha udongo wa huku Yorkshire. Chini ya mkeka zinatakiwa bodi za insuleshoni, zile ngumu za milimita 6 au 10 zenye povu katikati na saruji juu, zinabandikwa kwa gundi kwenye zege au zinapigwa skrubu na washa zake kwenye mbao. Zikiwepo, nusu saa hivi unakanyaga unasikia. Zisipokuwepo, masaa mawili matatu, na ukishasikia ni wakati wa kutoka kwenda kazini. Watu wanaziruka kwa sababu mbili, bei, na kwamba zinanyanyua sakafu mlango ukwaruze. Mlango unapigwa randa nusu saa. Sakafu isiyo na bodi utaishi nayo.

Kama marumaru zimeshakaa na bodi hazipo, unachoweza ni kuiwasha mapema kwa taima na kuiacha isipoe kabisa, usiiruhusu ianze kila siku kutoka kwenye baridi ya usiku. Sio suluhisho, ni kuishi na shemeji mgumu.

Halafu kuna matarajio. Bafu lina mita nne, ukitoa beseni la kuogea, choo na sinki inabaki sakafu ya mita mbili, mara 150 ni wati 300. Wati 300 ni za kupasha miguu na kukausha sakafu, chumba chenye ukuta wa nje na dirisha la zamani hazikitoshi. Mteja akiniambia anataka nitoe na rejeta ya taulo, ile ya ukutani inayopasha chumba, kwa sababu sasa sakafu ina moto, namwambia iache.

"Marumaru zinapasuka, grauti inatoka"

Gonga kwa sarafu. Pakilia kama ngoma pana uwazi chini, na uwazi ni adui mara mbili, marumaru haina kitu chini yake na waya hauna kitu cha kupeleka moto wake. Sababu zenyewe ni gundi. Inatakiwa ile inayonyumbulika, kwenye mfuko tafuta C2 na S1, kwa sababu sakafu itakuwa inatanuka na kusinyaa kila siku. Gundi ya kawaida iliyokauka kama jiwe itaachia. Sakafu ya mbao inayonesanesa nayo itapasua marumaru hata bila mkeka, iimarishwe kwanza. Kwenye kona ya sakafu na ukuta weka silikoni, usijaze grauti.

Na haya ndo madhara niliyoahidi: kuwasha mapema. Mtu amemaliza Jumamosi, Jumapili shemeji wanakuja, anataka waone. Gundi inakaushwa kwa nguvu kutoka chini, inasinyaa kabla haijashika. Fuata mfuko unavyosema, kwa kawaida ni kama wiki nzima, na floo nene zaidi inataka zaidi. Siku ya kwanza anza na nyuzi 20 hivi, ongeza kidogo kidogo kila siku.

"Namba za ajabu kwenye themostati"

Ikiandika kosa la sensa, au nyuzi 0, au nyuzi 80 kwenye sakafu ya baridi, toa nyaya mbili za sensa upime. Sensa nyingi ni za kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25, bafu likiwa nyuzi 20 utasoma kama 12.5, na inashuka sakafu ikipata moto. Ikisoma OL imekatika, ikisoma karibu na sifuri imegusana.

Ila kuna ugonjwa wa kimyakimya. Sio sensa zote ni za kilo-omu 10, zipo za 12 na nyingine, na ukibadilisha themostati ya kampuni moja ukaacha sensa ya kampuni nyingine zinaongea lugha mbili. Themostati inayotarajia 10 ikipewa sensa ya 12, sakafu ikiwa nyuzi 25 yenyewe inadhani ni 21. Kwa hiyo sakafu itakuwa na moto zaidi ya inavyoandikwa, na bili pia. Themostati nyingi zina menyu ya kuchagua aina ya sensa, kacheki huko kabla hujanunua kitu.

Sensa iliyokufa inabadilishwa kirahisi kama fundi aliipitisha ndani ya kondiuti, kale kabomba ka waya, unaivuta hii unasukuma nyingine. Kama aliimwagia gundi tu, basi, iseti themostati iendeshe kwa asilimia au kwa muda kama ina hiyo namna, wakati unatafakari. Mimi siku hizi natandika sensa mbili, ya pili inalala bure na waya wake umekunjwa ndani ya boksi.

"Bili"

Mkeka wa wati 450, masaa matatu kwa siku ni uniti 1.35. Tuseme uniti moja ni peni 25, ni kama peni 34 kwa siku, pauni kumi na kitu kidogo kwa mwezi. Ule usiozimika niliousema juu ni uniti 10.8 kwa siku, pauni 81 kwa mwezi, na kuna mtu alilipa hivyo majira ya baridi mazima akijua ndo bei ya starehe.

Mwingine alilalamika sakafu inawaka yenyewe saa kumi na moja na kitu alfajiri wakati yeye ameseti saa kumi na mbili, na kila siku saa tofauti, leo na dakika kumi, kesho na dakika thelathini. Alikuwa ameshabadilisha themostati mara moja. Mama yangu angesema kuna jini bafuni na angekuwa na jina lake. Kumbe themostati mpya nyingi zinajifunza sakafu inachukua muda gani kufika, zinajiwasha mapema ili saa kumi na mbili moto uwe umeshafika, na kukiwa na baridi zaidi zinaanza mapema zaidi. Unaingia kwenye seting, unazima hiyo kitu, inaanza saa kumi na mbili kamili kama ulivyosema. Alizima. Wiki iliyofuata akapiga tena, sakafu ya baridi saa kumi na mbili.